Ushamba, Ujamaa na Maendeleo: Shamba la Jamaa katika Riwaya ya Kiswahili

I

Kuna maneno matatu ya Kiswahili ambayo mkulima huyatumia kila siku bila kuyafikiri, nayo ni shamba, jamaa na kuendelea. Kwa nguvu ya viambishi vyake lugha imezaa katika maneno hayo majina matatu ya dhana: ushamba, ujamaa na maendeleo. Lililo la ajabu ni kwamba katika kila jozi mtoto amemgeuka mzazi wake. Shamba ni mahali pa chakula na heshima ya mwenye nyumba. Ushamba ni tusi la watu wa mjini. Jamaa ni watu wa damu moja walao chungu kimoja. Ujamaa, kama ulivyotekelezwa vijijini katika miaka ya 1970, ulilitazama kwa shaka shamba la jamaa lililosimama peke yake. Kuendelea, kwa maana yake ya asili, ni kwenda bila kukoma, kuyashika yale yaliyoanzwa. Lakini maendeleo, katika hotuba na magazeti, aghalabu ni jina la kuyaacha yaliyokuwapo na kuyashika mengine.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba riwaya zinazojulikana zaidi katika habari za mkulima zimeujibu ushamba, kisha zikaujibu ujamaa, lakini jina la tatu zimeliacha bila jibu. Upungufu huo si wa sanaa peke yake. Katika sehemu nyingi za nchi jina hilo la tatu ndilo linaloamua leo kama jamaa ndogo ya wakulima itabaki na shamba lake au la. Na jamaa hiyo inapokaa kulizungumza jambo hilo, inalizungumza kwa Kiswahili, kwa maneno iliyopewa na wengine. Kwa sababu hiyo riwaya zitatazamwa kwanza, kisha zitapimwa kwa mahali pamoja, Kibaoni katika mkoa wa Katavi.

II

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kitabu chake Utubora Mkulima kilipigwa chapa mwaka 1968. Habari yake kwa muhtasari inajulikana na kila mwanafunzi: Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini, kazi ambayo wengi wangeililia, akaenda kuishi kwa kulima katika kijiji cha Busutamu. Ili nguvu ya tendo hilo ionekane, yafaa kukumbuka lilitendwa katika lugha gani. Mwambao wa Afrika ya Mashariki ulikuwa umegawanya dunia katika sehemu mbili, mji na shamba. Na mpaka leo mtu wa Unguja mjini husema kwamba anakwenda shamba akiwa na maana ya kutoka nje ya mji tu, hata kama hana jembe mkononi. Mji ulikuwa na adabu, nguo, elimu na lugha safi. Shamba lilikuwa na kazi. Kutokana na mgawanyo huo lilizaliwa neno mshamba, na juu yake ushamba. Na wakati wa ukoloni dharau hiyo ya kale ilikutana na dharau mpya, ile ya karani kwa mkono wenye sugu.

Utubora Mkulima ni jibu la dharau zote mbili, tena jibu lililotoka ndani ya lugha yenyewe. Jina la mhusika ni hoja iliyofupishwa: utu bora umeunganishwa na jembe, na msomaji haachiwi nafasi ya kuvitenga. Mwandishi hakusema kwamba mkulima anastahili kuhurumiwa, wala hakusema kwamba kilimo ni kimbilio la aliyeshindwa. Alimtoa mtu aliyefanikiwa akampeleka shambani kwa hiari yake. Kwa msomaji wa kizazi kile, aliyelelewa akiambiwa kwamba ukomo wa elimu ni meza na kalamu, kitabu hiki kilikuwa kama dirisha lililofunguliwa.

Hata hivyo sifa hiyo ndiyo mipaka yake. Utubora hakulirithi shamba, alilichagua. Mtu achaguaye aweza pia kuchagua tena, na hapo ndipo anapotofautiana na wakulima walio wengi. Shamba la Busutamu ni kielelezo cha maisha mema, na kielelezo hakigawanywi kati ya ndugu, hakichoki rutuba, wala hakipitiwi na barabara. Jembe katika riwaya hii ni hoja zaidi kuliko chombo. Swali la nani atalilima shamba baada ya mwenyewe si swali la kitabu hiki, na pengine si haki kulidai kwake, kwa kuwa kazi yake ilikuwa nyingine: kuliondolea neno shamba aibu iliyokuwa imelipaka. Kazi hiyo aliifanya. Alichobakiza ni jamaa.

III

Jamaa iliingia katika siasa kabla ya kuingia vyema katika riwaya. Mwaka 1962 Julius Nyerere alilitumia neno ujamaa kuwa jina la falsafa yake, akiijenga juu ya mfano wa ukoo wa Kiafrika. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilihesabu ardhi na watu miongoni mwa mambo manne yanayohitajika ili nchi iendelee. Na kati ya 1974 na 1976 Operesheni Vijiji iliwakusanya mamilioni ya watu katika vijiji vilivyopangwa, mara nyingi kwa nguvu. Hivyo neno lililozaliwa na jamaa likaja kuihamisha jamaa kutoka penye makaburi yake na miembe yake.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, aliandika juu ya mambo hayo wakati yangali moto. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, iliyotoka mwaka 1975, Tumaini anapita katika ujana wa anasa na upotevu kabla ya kuwa mtu wa mali na mwenye shamba. Na siasa mpya inapolifikia shamba hilo, anamuua kiongozi wa serikali, na mwisho wake ni kitanzi. Katika Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, mwandishi anatoka kwa mtu mmoja akaenda kwa umma: vijiji vya Kisole na Bucho vinakabiliwa na amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, na vijana waliosoma, Mambosasa na Mamboleo, wanasimama kati ya nadharia waliyoisoma na watu waliowazaa.

Ujasiri wa Kezilahabi hauhitaji kutetewa. Aliona kwamba ardhi inapoguswa, kinachoguswa ni nafsi ya mtu, na kwamba hotuba haiwezi kuliziba pengo hilo. Lakini mhakiki anapaswa kuuliza: shamba hili ni la nani? Shamba la Tumaini ni mali ya mtu aliyetajirika, si urithi uliopita mikononi mwa baba na babu. Ugomvi wake na dola ni ugomvi wa mwenye mali na mnyang'anyi wake, na kwa hiyo unaweza kumalizwa kwa risasi moja, jambo ambalo fasihi hulipenda kwa kuwa lina mwanzo na mwisho. Katika Gamba la Nyoka kijiji kizima kimo hatarini, lakini kikiwa kijiji: ni umati unaojificha, unaokataa, unaoshindwa.

Kati ya mtu mmoja na umati kuna nyumba. Kezilahabi aliijua nyumba vizuri sana. Rosa Mistika ya mwaka 1971 ni riwaya ya nyumba: Zakaria na ulevi wake, Regina na mzigo wake, na binti zao. Lakini huko ardhi ni uwanja tu ambao juu yake mambo mengine yanatendeka. Kitabu kinauliza nini kitawapata mabinti, hakiulizi nini kitalipata shamba. Basi mwandishi yule yule alikuwa na jamaa katika kitabu kimoja na shamba katika kingine, na hakuviweka pamoja.

Tena kuna jambo ambalo risasi ya Tumaini inalificha. Wakulima waliohamishwa katika Operesheni Vijiji hawakuwa na bunduki, lakini hawakukosa akili. Walio wengi walihamia walikoelekezwa, wakajenga, wakahudhuria mikutano. Kisha alfajiri wakatembea saa nzima au zaidi kurudi kulima mahame, yaani maskani zao za zamani. Wengine miaka ilipopita walirudi kabisa. Huko ndiko kuendelea kwa maana ya asili: si kushinda wala kushindwa, bali kushika njia ile ile kwa mguu mwingine. Kwa bahati mbaya mwendo wa namna hiyo hauna kilele, na mtungaji anayetafuta kilele ataupita bila kuuona.

IV

Sasa riwaya hizi zipelekwe Kibaoni. Jina lenyewe kwa muundo wake ni kibao na kiambishi cha mahali -ni, na nchini yapo makazi kadhaa yenye jina hilo. Kibaoni hii imo Mpimbwe, katika bonde la Rukwa, katika mkoa wa Katavi uliotengwa na mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Upande wa kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa katika miaka ya 1990 hata ikafikia kilomita za mraba 4,471. Wapimbwe wa bonde hilo walilima kwa idhini ya wenye mamlaka ya jadi, mpaka machifu walipoondolewa madaraka mwaka 1963. Wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa. Na tangu miaka ya 1970 wakapokea majirani wapya, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao na jembe la kukokotwa, wakapanua kilimo cha mpunga mabondeni. Katika miaka ya hivi karibuni lami iliyotoka Sumbawanga kwa njia ya Kanazi na Kizi imefika Kibaoni.

Habari hizi fupi zinatosha kuonyesha kwamba ardhi iliyoonekana haina mwisho ina mwisho kila upande. Upande mmoja kuna hifadhi, ambayo mkulima haingii. Upande mwingine kuna malisho na mashamba ya wenzake. Katikati imepita barabara, na barabara haiji peke yake. Palipo na lami hufuata duka, kituo cha mafuta, ghala la mazao, nyumba ya wageni, na mtu wa kutoka mbali aulizaye bei. Wala si haki kumfanya mtu huyo kuwa adui. Lami hiyo hiyo ndiyo inayoyapeleka mahindi na mpunga sokoni kabla ya kuoza, na inayomfikisha mzazi hospitali usiku. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Na mara nyingi mwenyeji hupona kweli. Ugumu umo hapo hapo. Ushamba ulikuwa tusi, na tusi hujibiwa. Operesheni ilikuwa amri, na amri hukwepwa. Maendeleo ni neema inayokuja na bei mkononi, na hakuna mtu aliyefundishwa namna ya kuijibu neema.

Ichukuliwe kwa mfano jamaa yenye heka sita kando ya barabara na watoto watano. Katika hesabu ya urithi kila mtoto atapata heka moja na kidogo, kiasi ambacho kwa jembe la mkono na mvua ya msimu mmoja hakitoshi kulisha nyumba na kulipa ada. Dalali anapokuja anatamka neno moja tu, nalo linabadili kila kitu: hasemi shamba, anasema kiwanja. Kwa jina la shamba ardhi hupimwa kwa magunia. Kwa jina la kiwanja hupimwa kwa hatua. Heka iliyokuwa ndogo kuzaa chakula inakuwa kubwa mno kwa kujenga. Hakuna jembe lililoinuliwa wala jiwe lililosogezwa, na shamba limekwisha kutoweka katika sentensi kabla ya kutoweka katika nchi. Hili ni jambo la lugha, nalo ni la mhakiki kama lilivyo la mpima ardhi.

Sheria nayo ina lugha yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi ya kijiji, ikaweka hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo yaweza kupewa mtu mmoja, familia au kikundi, tena bila ukomo wa muda. Sheria hiyo hiyo ilibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kuwa na ardhi au kuitumia. Kwa hiyo jamaa ile ya heka sita, ikitaka, yaweza kusimama mbele ya sheria kwa jina la familia. Na binti aliyeolewa kijiji cha pili, pamoja na mjane aliyebaki nyumbani, wana sauti ambayo desturi ingeweza kuwanyima. Lakini hati ni karatasi. Nani ataandikwa, nani atasahauliwa, nani atatia sahihi bila kuelewa, nani atakataa kutia sahihi na kuitwa adui wa maendeleo: hayo hayamo katika sheria, nayo ndiyo kiini cha riwaya.

Kibaoni imelipa taifa pia msemo mmoja unaostahili kuchunguzwa. Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 hadi 2015, ni mzaliwa wa huko, naye alijulikana nchini kote kwa jina la mtoto wa mkulima. Jina hilo lilipendwa, na kwa haki, maana lilirudisha katika jumba la serikali heshima ile ile ambayo Shaaban Robert aliipigania. Hata hivyo muundo wake unasema zaidi ya inavyosikika mara ya kwanza. Mkulima katika msemo huo hasimami mbele. Ameshikwa na kihusishi wa, nyuma ya mtoto. Anayesemwa ni yule aliyetoka, na shamba ni mahali alikotoka. Aliyebaki shambani hawezi kujiita mtoto wa mkulima akasifiwa, ingawa ni mtoto wa mkulima kuliko wote. Yeye huitwa mkulima tu. Kosa hapa si la aliyeitwa jina hilo, bali ni la lugha ya taifa zima, ambayo imejifunza kumsifu mkulima kwa njia ya wanawe walioondoka.

V

Kuna atakayepinga kwamba riwaya si kitabu cha bwana shamba, na kwamba mtungaji hawajibiki kumfundisha mtu namna ya kugawa heka sita. Pingamizi hilo lina ukweli. Riwaya inayoandikwa ili kutoa shauri la kilimo itakufa kabla ya mavuno, na nyingi zilizoandikwa kwa kuihubiri siasa ya vijiji zimekwisha sahauliwa. Lakini kinachodaiwa hapa si shauri. Fasihi humpa mtu sura ya hali yake, ili anapofika penye uamuzi asidhani kwamba yu wa kwanza duniani kufika hapo. Msomaji wa Utubora Mkulima amepewa sura ya mtu anayekwenda shambani kwa roho safi. Msomaji wa Dunia Uwanja wa Fujo amepewa sura ya mtu anayelipoteza shamba kwa damu. Kijana wa Kibaoni aliyeketi katika kikao cha ukoo, dalali akiwa amekwisha kunywa chai yake na kuaga, hana sura kati ya hizo. Hachagui shamba, maana amezaliwa nalo. Hanyang'anywi, maana anaulizwa kwa upole. Akisema tuuze, hakumsaliti mtu. Akisema tusiuze, hakumwokoa mtu. Na vyovyote atakavyosema, kuna dada asiyekuwapo kikaoni ambaye neno lake halikusikika.

Kwa sababu hiyo upungufu wa riwaya zilizotajwa ni upungufu wa umbo kabla ya kuwa upungufu wa mada. Zote zimejengwa juu ya mtu mmoja mwenye jina kubwa, au juu ya umati usio na majina. Shamba la jamaa linahitaji umbo la tatu: wahusika watano au sita wenye haki sawa, wakati mrefu unaopimwa kwa misimu, na tendo ambalo halilipuki. Umbo hilo si geni kwa lugha ya Kiswahili. Kikao cha ukoo chenyewe ni sanaa ya maneno: kuna anayefungua, kuna anayezunguka mbali kwa methali ili asimtaje aliye mbele yake, kuna mzee anayenyamaza mpaka mwisho, na kuna mama asemaye neno moja akiwa mlangoni, nalo likawa ndilo. Mtungaji mwenye sikio hahitaji kubuni mengi. Anahitaji kukaa kimya na kusikiliza namna neno shamba linavyotamkwa na kila mmoja, na ni nani wa kwanza kusema kiwanja.

Mtungaji huyo atakutana pia na kitenzi kuendelea katika maana zake zote mbili, na hapo atajua kama ameiweza kazi. Kaka mkubwa atasema kwamba lazima waendelee, akiwa na maana ya nyumba ya matofali, pikipiki na ada ya shule. Mama yao atasema kwamba lazima waendelee, akiwa na maana kwamba mvua imekaribia na mbegu zimo ndani. Wote wawili wanasema Kiswahili fasaha, na hakuna anayekosea. Riwaya ambayo itazitamka sentensi hizo mbili katika chumba kimoja, bila kumdhihaki kaka wala kumtukuza mama, itakuwa imelijibu jina la tatu. Shaaban Robert alilirudishia shamba heshima yake. Kezilahabi aliuonyesha uchungu wa kulipoteza. Kilichobaki ni kuiandika kazi ya kulishika, msimu baada ya msimu, na kazi hiyo ingali mikononi mwa watu ambao mpaka sasa fasihi imewajua kama wazazi wa walioondoka.